Alama Nyekundu kwenye Plau

Shamba la Mwalimu lililimwa vibaya, na aliyelilima vibaya ni shemeji yangu. Nalisema mapema ili pasiwe na mtu wa kudhani nampendelea. Nusu ya shamba ilikuwa imejaa mabonge makubwa kama viti, yamelala ovyo, mengi yakiwa ya ule udongo wa kijivu wa chini kabisa ambao haukupaswa kuliona jua. Mfuo mmoja wa plau ulikuwa shimo, uliofuata ulikuwa mkwaruzo tu. Mahali fulani katikati trekta lilikuwa limezama na kuacha mitaro miwili, na bata wa jirani walikwishahamia humo.

Mwalimu ni mwanamke mstaafu. Amefundisha nusu ya mtaa wetu kusoma, na shemeji yumo. Hakupiga kelele. Alichomeka mkongojo wake kwenye bonge moja, ukakwama, akauacha umesimama pale kama mlingoti.

"Mwanangu," akamwambia, "hapa nipande mbegu au nijenge nyumba?"

Shemeji akatazama viatu vyake.

"Nusu iliyobaki nakupa, kwa sababu ya baba yako. Kesho. Ikitoka kama hii, namwita yule kijana wa ng'ambo ya barabara mwenye trekta jipya, na wenzangu wote wa bondeni watanifuata. Sikutishi. Nakuambia yatakayokuwa."

"Nimekusikia, Mwalimu."

Wakati wa kurudi yeye aliendesha, mimi nikakalia madigadi, kile kifuniko cha tairi la nyuma, huku nimeshikilia kiti chake. Tulipovuka daraja akageuza kichwa.

"Shemeji, nusu hiyo ndiyo ya mwisho," akasema. "Ikiharibika nauza trekta, nauza na plau, narudi mjini kulinda geti. Kule ukifunga mlango, umefunga. Hakuna anayekuja kukuuliza umeufunga kwa kina gani."

"Na mama?"

"Mama atabaki na wewe. Wewe ndiye mwenye akili ya kukaa."

Alitaka nicheke. Sikucheka, maana begi lake nilikuwa nimeliona asubuhi, limeshushwa kutoka juu ya kabati na kupanguswa vumbi.

Sisi tuko hivi. Mume wangu ni dereva wa malori ya masafa marefu na nyumbani anakuja kama mgeni. Huyu shemeji ni mdogo wake, na tangu utotoni watu wanamwita Taratibu, kwa sababu hata maji anayatafuna kabla ya kuyameza. Mimi nina watoto, nina duka la vipuri sokoni, na nina stashahada ya zana za kilimo, ndiyo maana Taratibu akitaka kuniudhi ananiita Mama Diploma. Baba mkwe wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mkulima wa kukodiwa na trekta lake, na jina lake la mtaani lilikuwa Mzee Mstari. Mfuo wake ungeweza kuutumia kama rula. Watu walikuwa wanamsubiri yeye hata kama mvua imeshaanza kunukia.

Miaka yake ya mwisho aliacha mashamba ya watu. Akabaki na la kwetu, shamba la juu nyuma ya nyumba, ardhi ngumu yenye changarawe ambayo hata jembe la mkono linaruka likiigusa. Tulidhani amechoka na maneno ya wateja. Alipofariki, Taratibu aliacha kazi mjini akaja kushika usukani. Plau alilikuta bandani limefunikwa turubai. Ni plau la sahani tatu, zile sahani za chuma zinazozunguka na kupindua udongo. Juu yake akakuta alama nyekundu, ndogo, nadhifu. Moja ilikuwa kwenye kiungo cha juu, ile fimbo ya skrubu inayoshika kichwa cha plau nyuma ya trekta. Mbili zilikuwa kwenye mpini wa kusawazisha. Nyingine zilikuwa kwenye mashikio ya sahani, kuonyesha zisimame au zilale kiasi gani. Na juu ya fremu kulikuwa na kipande kizito cha chuma kimefungwa kwa waya.

"Baba ameniachia," Taratibu alisema siku ile, akipitisha kidole gumba juu ya alama moja kama mtu anayempangusa mtoto uso.

Tangu siku hiyo hakuna nati iliyovuka alama, mlimani wala bondeni, kiangazi wala masika. Shamba la juu lilikuwa linatoka vizuri ajabu. Kwingine kote ilikuwa aibu.

Tulipofika nyumbani nikaenda kuvaa ovaroli yangu ya chuo, ambayo siku hizi inanifunga mpaka kifuani tu, nikatoka na spana.

"Tulifungue," nikamwambia.

"Tufungue nini?"

"Plau. Unalima bondeni kwa plau lililofungwa kwa ajili ya mlimani. Tazama. Kiungo cha juu umekifupisha mpaka plau limeinamisha pua. Kwenye changarawe ni sawa, pua iliyoinama inauma. Kwenye udongo laini inazama. Sahani ya mbele inakwenda kuzimu, ya nyuma inaelea. Juu yake umebeba chuma cha kukandamiza. Chuma cha nini kwenye tope? Na vibao vya kukwangua tope kwenye sahani viko wapi?"

"Sikuvikuta."

"Mlimani vinatolewa, vinakamata mawe. Bondeni usipokuwa navyo, sahani zinavaa tope kama soksi. Sahani yenye soksi haikati, inasukuma."

Alinisikiliza mpaka mwisho. Hilo nampa, ni msikivu. Kisha akaokota kitambaa akaanza kupangusa plau, na kila alipofika kwenye alama nyekundu aliizunguka.

"Alama za baba haziguswi," akasema.

"Baba hakulima bondeni kwa alama hizi."

"Ulikuwepo?"

"Sikuwepo. Ila chuma hakijui kudanganya."

"Shemeji, sikiliza." Akaacha kupangusa. "Plau ni lile lile. Trekta ni lile lile. Alama ni zile zile, kaziweka mwenyewe kwa mkono wake. Mashamba ya bondeni ni yale yale aliyolima yeye watu wakaja kutazama. Kilichobadilika ni mtu aliyekaa kwenye kiti. Sasa niambie, Mama Diploma, kosa liko wapi?"

Niliona tu kwamba hatuzungumzii plau tena. Mtu huyu alikuwa amejipima kila msimu kwa kipimo cha baba yake, na kila msimu kipimo kikamwambia hutoshi.

Akachukua galoni akaenda kununua dizeli.

Mimi nikabaki na plau. Nilijiambia sitagusa kitu, nitasafisha tu. Nyuzi za kiungo cha juu zilikuwa zimejaa grisi iliyokauka na vumbi, na grisi ya hivyo haitoki kwa kitambaa kitupu, kwa hiyo nikalowanisha kitambaa kwa tina, ile dawa ya kuyeyushia rangi. Nikapitisha mara moja. Ncha ya kitambaa ikagusa ile alama, na alama ikalegea, ikanipaka kidole wekundu wa kung'aa.

Rangi ya chuma naijua, naiuza dukani. Ina unga ndani yake, na ikitoka inatoka kama kutu. Hii ilikuwa laini. Nikaitazama chini ya jua, nikaona ina chembe ndogondogo za kumetameta.

Mzee Mstari alikuwa na sanduku la zana ambalo hata mume wangu alikatazwa kulifungua. Humo mlikuwa na kila kitu ambacho Mungu na mhunzi waliwahi kutengeneza. Rangi ya kucha haikuwemo.

Nyumbani kwetu mtu aliyekuwa anapaka kucha rangi ni mmoja tu.

Mama mkwe alikuwa kibarazani anachambua mchele, ungo umekaa mapajani. Ni mwanamke mwembamba, anapenda kanga zilizopigwa pasi, na miaka yote niliyoishi naye kucha zake zilikuwa nyekundu. Hata tukivuna. Hata tukienda hospitali. Watoto wangu walikuwa wanagombania nani atampulizia zikauke. Tangu msiba kucha zake zilikuwa tupu, na sote tuliona ni sawa, mtu amefiwa.

Nikakaa kwenye ngazi. Nikanyoosha kidole changu chekundu mbele ya ungo wake.

Akakitazama. Akatoa jiwe kwenye mchele, akalitupa uani. Akatoa jingine.

"Umefuta ngapi?" akauliza.

"Moja, tena nusu yake. Kwa bahati mbaya."

"Wewe huna bahati mbaya, mwanangu. Wewe una mikono isiyotulia."

"Mama, ni wewe."

"Ni mimi."

Niliona anataka kunyamaza, nikamwacha anyamaze. Hilo kwangu ni kazi ngumu kuliko kufungua gia. Mwisho akaweka ungo chini.

"Alianza kusahau," akasema. "Ninyi mlikuwa mnasema mzee amekuwa mkimya, mzee anachagua wateja. Alikuwa anasahau. Asubuhi moja nilimkuta amesimama bandani na spana mkononi, ananitazama. Ananiuliza, mke wangu, hii inaingia wapi? Spana, mwanangu. Yeye. Nikamwambia weka chini kwanza, njoo unywe chai."

"Kwa nini hukutuambia?"

"Aliniomba. Alisema, nisiwe kichekesho kwenye mashamba niliyolima. Basi tukakubaliana alime hapa nyuma tu, ninapomwona. Siku moja akili ikiwa imetulia, alilifunga plau vizuri kwa shamba la juu, na mimi nikakimbilia chupa yangu nikatia alama kila mahali kabla hajasahau, na zilipofifia nikazirudia. Kila alipotaka kulima nilikuwa namwambia, peleka mpaka kwenye nyekundu. Ile ya kusawazisha ina mbili, moja ya mfuo wa kwanza, moja ya tairi likishaingia kwenye mfuo. Hiyo ya pili nilikuwa namzungushia mwenyewe. Watu wakipita wanadhani nimempelekea maji."

Akacheka kidogo kwa pua, kisha kicheko kikageuka, akashika ncha ya kanga.

Ningeweza kumkumbatia. Watu wengine wangemkumbatia. Mimi nikasema kilichokuwa mbele yetu.

"Mama, Taratibu ameshusha begi."

"Nimeliona."

"Anadhani hana mkono wa baba yake. Anafuata alama za mtu mgonjwa, za shamba moja, mpaka kwenye matope ya Mwalimu, na kila akishindwa anajilaumu yeye. Mwambie."

"Niliahidi."

"Uliyemwahidi amepumzika. Aliye hai anafunga mizigo."

"Usinisukume." Sauti yake ilikuwa chini lakini ilikuwa na meno. "Mtoto yule amebaki na nini cha baba yake? Amebaki na picha ya mtu aliyesimama wima. Unataka nimpe nini badala yake? Mzee aliyesahau spana?"

Hapo nilishindwa. Nikamwambia siri ni yake na mimi si mtu wa kumwaga mtama wa mwenzangu. Sitasema. Lakini pia sitasema uongo nikiulizwa. Akaitikia kwa kichwa, akachukua ungo wake, na jioni nzima hakunitazama.

Nilifanya jambo moja tu. Niliingia stoo nikapekua magunia mpaka nikavipata vile vibao vya kukwangulia, vitatu, vimepakwa oili na kuviringishwa kwenye gazeti. Nikavitia kwenye mkoba wa zana. Hivyo havikuwa siri ya mtu.

Asubuhi tulikuwa bondeni mapema mno, kwa sababu Taratibu anaamini mkulima anayekutana na jua barabarani ni mvivu. Umande ulikuwa bado mzito. Nikaokota udongo, nikaufinyanga mpira, nikauangusha kutoka kiunoni. Ukatua ukalala kama chapati.

"Bado," nikasema. "Ngoja upasuke ukianguka. Ukiulima hivi utapata matofali."

"Baba alikuwa anaanza alfajiri."

"Mlimani. Kwenye changarawe umande ni rafiki."

Akashuka ili apitie plau, alama moja baada ya nyingine, kama anavyofanya siku zote. Nilimwona anafika kwenye kiungo cha juu. Akainama. Akafuta macho kwa mkono, akainama tena.

"Shemeji." Hakuinua sauti, na ingekuwa afadhali angeinua. "Umeifuta alama ya baba."

"Nilikuwa nasafisha grisi. Tina ikaigusa."

"Nilikuambia haziguswi. Nilikuambia kwa mdomo wangu. Umeshindwa kunishawishi ukaona ufute?"

"Sikufuta makusudi."

"Basi sawa. Limekwisha." Akatupa kitambaa juu ya tairi. "Nilikuwa naondoka nikishindwa. Sasa naondoka hata kabla sijashindwa. Mwambie Mwalimu amwite huyo kijana wake."

Nilifungua mdomo. Nakiri kwamba maneno yote yalikuwa mlangoni, yamevaa viatu. Nikaufunga. Kisha nikasikia mtu anakohoa nyuma yangu.

Mama mkwe alikuwa amekuja kwa miguu kutoka nyumbani, kanga imelowa umande mpaka magotini, kigoda kwapani. Kigoda kile nilikifahamu. Miaka ile alikuwa anakikalia ukingoni mwa shamba la juu, na mimi nilikuwa nasema moyoni, wazee hawa wanapendana, hawaachani hata shambani.

"Hajafuta ya baba yako," akamwambia mwanawe. "Amefuta ya kwangu."

Akakiweka kigoda chini, akakaa, akamweleza. Alimweleza kwa kifupi kuliko alivyonieleza mimi, bila kupamba, macho yakiwa kwenye sahani za plau. Spana. Chai. Chupa ya rangi. Mpini aliouzungusha akijifanya anapeleka maji. Taratibu alikalia tairi la mbele, na kwa mara ya kwanza jina lake lilimfaa kabisa, maana niliona kila neno linaingia, linatafunwa, linamezwa.

Alipomaliza, Taratibu akamgeukia.

"Kwa nini hukuniita?" akauliza.

"Ulikuwa unalinda geti la watu, mwanangu. Na mimi nilikuwa nalinda la kwangu."

Akainamisha kichwa. Mabega yake yalitikisika mara kadhaa, nasi tukayaacha yatikisike. Mama alinyoosha mkono akaushika mguu wa suruali yake, karibu na kifundo, hapo tu alipofikia.

"Kwa hiyo alama hizi," akasema baadaye, "alikuwa anafuata yeye pia."

"Alikuwa anafuata kama wewe."

"Na huku bondeni, alipokuwa mzima? Alikuwa anafungaje?"

"Sijui. Na naye asingeweza kukuambia, hata akiwa mzima. Alikuwa anashuka." Mama akaonyesha shamba kwa kidevu. "Analima kidogo, anashuka. Anapiga goti, anatia mkono kwenye mfuo mpaka kiwiko. Anarudi kwenye spana. Anapanda, anakwenda, anashuka tena. Wateja walikuwa wananilalamikia, mumeo anashuka kuliko anavyopanda, tutalima lini? Mpaka karibu na katikati ya shamba ndipo anatulia. Ile mistari mliyokuwa mnaisifu, watu walikuwa wanaiona kuanzia katikati."

Taratibu akageuka kunitazama.

"Ulijua?"

"Tangu jana. Haikuwa yangu kusema."

"Wewe? Ukanyamaza?" Akafuta pua kwa kiwiko. "Basi kweli kulikuwa na msiba."

Akainuka. Akaokota udongo mwenyewe, akaufinyanga, akauangusha. Jua lilikuwa limepanda kidogo. Mpira ukapasuka vipande vitatu. Hakunitazama kuniuliza kama imetosha. Alifungua waya, akashusha kile chuma kizito akakitupa majanini, nami nikampa vibao vya kukwangulia. Akaviona vilivyopakwa oili, akaona gazeti, akajua baba yake ndiye aliyevitunza, akavifunga kimya. Sahani akazilaza zaidi kidogo kuliko alama zilivyotaka, kwa sababu sahani iliyolala inapindua udongo wa kunata vizuri kuliko iliyosimama. Hiyo nilimwambia mimi, na akakubali bila kunipa cheo chochote. Kisha akashika kiungo cha juu, akakizungusha, akakirefusha, akaipita ile nusu ya alama iliyobaki.

Mfuo wa kwanza ulikuwa mbaya. Nausema kama ulivyokuwa. Alikuwa amerefusha mno, sahani ya nyuma ikachimba na ya mbele ikalamba majani. Nilijua kabla trekta halijafika mbali. Niliuma ulimi.

Trekta likasimama. Akashuka.

Akapiga goti, akatia mkono kwenye mfuo mwanzo, kati na mwisho. Akarudi, akakifupisha kiungo kidogo. Akapanda. Tairi la kulia sasa lilikuwa linatembea ndani ya mfuo na trekta zima limeegama, kwa hiyo plau nalo likaegama. Akasimama, akashuka, akauzungusha mpini wa kusawazisha, akarudi nyuma hatua chache, akalipima plau kwa jicho moja, akazungusha tena.

"Kidogo," mama akasema kutoka kwenye kigoda.

"Nimeona, Mama."

"Sijasema hujaona."

Nikawa nahesabu anavyoshuka, kisha nikaacha kuhesabu. Udongo ulianza kupinduka, mweusi, laini, ukilalia mgongo wa mwenzake kama vigae vya paa. Vibao vilikuwa vinakwangua, sahani zinang'aa. Ule wa kijivu ulibaki huko chini kwenye usingizi wake. Mistari haikunyooka kama ya Mzee. Mmoja ulikuwa na kiwiko, na mimi siwezi kusema haukuwa nacho. Lakini kina kilikuwa kimoja kutoka mwanzo hadi mwisho, na mbegu haisomi rula.

Mwalimu alifika wakati kipande kikubwa kimeshalimwa. Alikuwa na mkongojo wake, umeshaoshwa. Akapita kwenye udongo mpya, akachomeka, akachomoa. Akaenda mbele, akachomeka, akachomoa. Ukaingia kina kile kile. Taratibu alikuwa amesimama kando ya trekta, mikono nyuma, kama yuko mbele ya ubao na chaki imepotea.

"Huyu mbona anashuka sana?" Mwalimu akamuuliza mama mkwe. "Nimemwona kutoka barabarani. Nikadhani trekta limeharibika."

"Ndivyo walivyo," mama akasema.

Mwalimu akamgeukia Taratibu. "Na ile nusu ya viti?"

"Nitaipiga haro ikikauka kidogo juu, Mwalimu. Mabonge yakipata nyufa yatavunjika. Nikiyaingilia leo nitayakanyaga tu."

Sikumwambia mimi hilo. Alilitoa kichwani mwake, na lilikuwa sahihi.

"Basi nitakusubiri," Mwalimu akasema, akaondoka, akiwatishia bata kwa mkongojo.

Taratibu alirudi kwenye plau. Nilimwona anatazama alama zilizobaki, zile za mashikio ya sahani na zile mbili za mpini.

"Nizifute?" akamuuliza mama yake.

"Za shamba la juu ni kweli," mama akasema. "Ziache. Ukienda kulima kule zitakufaa kuanzia. Halafu unashuka."

Akacheka. Akachukua kipande cha chaki kwenye mkoba wangu, akaweka alama yake ndogo kwenye kiungo cha juu, pale kilipofikia. Nikamuuliza kwa nini chaki wakati nina rangi dukani za kila aina, nampunguzia bei.

"Mvua ikija, shamba nalo litakuwa limebadilika," akasema. "Acha mvua iifute."

Tulirudi wote watatu kwenye trekta, jambo ambalo stashahada yangu inalikataza. Mama alikaa kwenye madigadi ya pili, kigoda mapajani, kanga inapepea. Karibu na daraja akaninong'oneza, lakini kwa sababu ya injini ilibidi anong'one kwa kelele.

"Ukienda mjini kuchukua mzigo wa duka, uniletee chupa. Ile yangu iliisha kwenye plau."

"Nyekundu ile ile? Yenye kumetameta?"

"Ile ile," akasema, na Taratibu aliyekuwa mbele akajifanya hasikii.